Kiwanda cha alizeti kinataka kupanga upya mashine zake: je, uhalisia pepe utatusaidia, au tutapoteza fedha za mradi?

"Mwalimu, mimi ni mhadhiri msaidizi wa uhandisi mitambo katika chuo kikuu hapa Dodoma. Kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida kinataka kuongeza mashine mbili za kukamua ndani ya jengo lilelile, na kimetuomba tushirikiane nacho kupanga upya eneo lote la uzalishaji. Nimependekeza tutumie uhalisia pepe, yaani picha za kompyuta zinazomzunguka mtu aliyevaa miwani maalumu, ili mafundi na wenye kiwanda wauone mpangilio mpya na kutembea ndani yake kabla zege halijamwagwa, nami nipate humo utafiti wangu wa uzamivu. Fedha za mradi zinatosha kununua seti nne za miwani na kompyuta moja yenye nguvu. Mkuu wa idara anasema hivyo ni vifaa vya michezo ya watoto na havitatoa matokeo ya kisayansi. Wenye kiwanda wanaogopa michoro yao isije kuwafikia washindani. Tulipoazima seti moja ili tujaribu, mwanafunzi mmoja alipata kizunguzungu akatapika. Tena intaneti yetu si ya kutegemewa. Je, ninunue, au niachane na wazo hili nibaki na michoro ya kawaida?"

Mwalimu mwenzangu, swali lako limebeba mashaka kadhaa kwa pamoja: kama kifaa hiki ni cha kisayansi, kama ni salama kwa mwili, kama siri za kiwanda zitatunzwa, na kama mazingira yetu yanakiruhusu kufanya kazi. Yote nitayagusa. Hata hivyo, nadhani chini ya mashaka hayo ipo hofu moja kubwa zaidi, nayo ni kutumia fedha za mradi na jina la idara kwa jambo litakalopendeza siku ya maonyesho, kisha lisiwe na cha kuandika kwenye tasnifu wala cha kukisaidia kiwanda. Hofu hiyo ni ya haki. Jibu langu la moja kwa moja ni kwamba wazo lako linafaa kwa sehemu moja ya kazi hiyo na halifai kwa sehemu nyingine, na ningekushauri ununue seti mbili badala ya nne, tena baada ya kufanya kazi fulani ambayo haihitaji miwani kabisa.

Tuanze na mkuu wako wa idara, kwa sababu yuko sahihi kwa upande mmoja na amekosea kwa upande mwingine, na itakusaidia ukijua mpaka uko wapi. Amekosea anapodhani kwamba teknolojia hii ilizaliwa katika michezo. Kifaa cha kwanza cha kuvaa kichwani kilichobadilisha picha kufuatana na mwendo wa kichwa kilitengenezwa na mtafiti Ivan Sutherland nchini Marekani mwaka 1968, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago kilionyesha chumba ambacho kuta zake ni skrini, na mtu huingia ndani ya picha akiwa na wenzake. Wanaanga wa Marekani walitumia uhalisia pepe kujiandaa kwa safari ya Desemba 1993 ya kuikarabati darubini ya Hubble. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Iowa State kilifungua chumba chenye picha pande zote sita, yaani kuta nne, sakafu na dari, na kampuni ya John Deere inayotengeneza matrekta ni miongoni mwa waliofanya kazi na watafiti wa hapo. Kilichofanywa na soko la michezo, kuanzia miaka ya 2010, ni kuishusha bei ya kifaa kutoka kiwango cha maabara tajiri hadi kiwango ambacho idara ya kawaida inaweza kukifikiria.

Upande ambao mkuu wako yuko sahihi ni huu: picha si hesabu. Miwani hii huchora picha mbili, moja kwa kila jicho, na kuzichora upya kila kichwa kinapogeuka. Kifaa kinachochora mara 90 kwa sekunde kina milisekunde 11 tu za kumaliza kila picha. Hesabu ya kweli ya kihandisi, kwa mfano jinsi mkazo unavyosambaa kwenye fremu ya mashine au jinsi joto linavyotoka kwenye kikaango cha mbegu, inaweza kuchukua dakika nyingi au saa kadhaa kwenye kompyuta nzuri. Kwa hiyo hesabu hufanyika kwanza, mahali pengine, na miwani huonyesha matokeo yake tu. Mtu akikuambia kwamba uhalisia pepe utakusaidia kujua mashine itatoa lita ngapi kwa gunia, usimsikilize. Kiasi cha mafuta hutegemea unyevu wa mbegu, joto lake, ubora wa mashine na jinsi ilivyorekebishwa, na hayo hupimwa penye mashine kwa mizani na kipimajoto. Andiko lako lisiahidi chochote cha aina hiyo. Likiahidi, mkuu wako atakuwa na haki ya kulikataa.

Faida ya kweli iko kwenye maswali ambayo mwili wa binadamu ni sehemu ya jibu lake: kama mkono utafika, kama mtu ataona, kama watu wawili watapishana, kama fundi atapata pa kusimama. Chukua mashine yenyewe ya kukamua. Ndani yake kuna mhimili wenye parafujo unaozisukuma mbegu kuelekea kwenye mdomo mwembamba. Mafuta huchuruzika katikati ya vyuma vilivyopangwa kuuzunguka mhimili, na mashudu hutokea mwishoni. Vipande vya parafujo huliwa na msuguano, na vikilika fundi hulazimika kuuchomoa mhimili ili avibadilishe au avijaze kwa kuchomelea. Katika mashine nyingi mhimili huo huchomolewa kwa urefu wake. Maana yake ni kwamba upande mmoja wa mashine lazima pawepo nafasi wazi isiyopungua urefu wa mhimili, pamoja na nafasi ya watu wa kuupokea, na mahali imara juu pa kutundikia winchi ya mnyororo. Kwenye mchoro unaoangalia kutoka juu, mstatili wa mashine na mstari wa ukuta huonekana vimeachana vizuri, na mhandisi huridhika. Mvalishe miwani fundi ambaye huuchomoa mhimili huo kwa mikono yake, msimamishe mahali pale, kila kitu kikiwa na ukubwa wake halisi, kisha mwambie aukarabati. Swali lake la kwanza litakuwa: "Hapa mhimili tunautolea wapi?"

Hilo ndilo jambo unalolitafuta. Fundi yule huenda hajazoea kusoma michoro ya kihandisi, na katika kikao cha kawaida angekaa kimya nyuma ya meza wakati wahandisi na wenye mali wakizungumza. Ndani ya modeli, yaani kiwanda kilichochorwa kwenye kompyuta, anakuwa mjuzi kuliko sisi sote, kwa sababu anaongea kwa kutumia mwili anaoufanyia kazi kila siku. Nimeshiriki mapitio ya namna hii na viwanda, na kwa maoni yangu thamani kubwa zaidi ya uhalisia pepe katika ushirikiano wa chuo na kiwanda ni kumpa nafasi ya kusema mtu ambaye mchoro wa kawaida humnyamazisha. Usiitumie miwani kuwavutia wakurugenzi kabla hujawapa mafundi. Ukianza na wakurugenzi, watakachokipitisha hakitapingwa tena na fundi yeyote.

Lazima pia nikueleze kwa uwazi mahali ambapo kifaa hiki hudanganya, kwa sababu mpango wa kiwanda unaweza kuharibika kwa kukiamini kupita kiasi. Kwanza, vitu vinavyoonekana ndani yake havina uzito. Mhimili wa chuma ambao watu wawili huuinua kwa shida, ndani ya modeli mtu mmoja huuinua kwa vidole, na nafasi itakayoonekana inamtosha mtu anayeshika hewa haitamtosha mtu aliyeinama akiwa amebeba mzigo. Pili, hakina joto wala kelele wala sakafu yenye mafuta. Tatu, na hili wengi hawalijui, macho hukosea umbali ndani ya miwani. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa wastani watu walikadiria umbali kuwa takribani asilimia 74 ya umbali uliowekwa kwenye modeli. Vifaa vya sasa vimepunguza kosa hilo lakini hakijatoka kimoja kilicholiondoa kabisa. Kwa hiyo mtu asiruhusiwe kusema "njia hii inatosha" kwa kuangalia tu. Miwani itumike kugundua mahali penye shaka, kisha shaka hiyo ihakikishwe kwa kipimo, na ikiwezekana kwa kitu halisi cha kushika.

Hapa ndipo inapoingia kazi niliyosema haihitaji miwani. Kabla hujanunua chochote, chora mpangilio mpya kwa chokaa kwenye sakafu ya karakana yenu au kwenye uwanja, kwa ukubwa wake halisi. Weka maboksi na mbao kuonyesha kimo cha mashine, na bomba la chuma lenye urefu na uzito unaokaribiana na wa mhimili. Waite mafundi wa kiwanda wafanye kazi zao za kila siku humo: kumimina mbegu, kuondoa mashudu, kusafisha chujio, kuuchomoa mhimili. Kazi hiyo inagharimu chokaa, maboksi na nauli. Itakuonyesha kasoro nyingi za mpangilio, na zile isizoweza kuzionyesha, kwa mfano mabomba yanayopita juu ya kichwa, vali iliyo nyuma ya tangi, au swichi ya dharura isiyoonekana kutoka anaposimama mwendeshaji, ndizo zitakazokuambia kama unahitaji miwani au la.

Jambo hilohilo ndilo litakalokupa utafiti. "Tulitumia uhalisia pepe katika kiwanda cha alizeti" si swali la uzamivu. Ni taarifa ya mradi. Swali ninalolipenda zaidi kwa hali yako ni hili: mafundi wa ukarabati hugundua kasoro zipi za mpangilio wakiwa ndani ya modeli ambazo hawazigundui kwenye mchoro wa karatasi wala kwenye chokaa sakafuni, na je, tofauti hiyo inatosha kulipia gharama yake? Panda kasoro zinazojulikana kwenye mipangilio kadhaa inayolingana kwa ugumu, wape washiriki njia zote tatu kwa zamu, na ubadilishe mfuatano kutoka mshiriki hadi mshiriki ili aliyejifunza kwenye njia ya kwanza asiipendelee ya pili bila wewe kujua. Hesabu kasoro zilizoonekana, zilizokosekana na zile zilizotajwa ambazo hazikuwepo. Kwa kupima uzito wa kazi kichwani tumia dodoso la NASA, shirika la anga la Marekani, lililotolewa mwaka 1988, na kwa dalili za kizunguzungu tumia dodoso la dalili 16 lililochapishwa mwaka 1993 kwa ajili ya mashine za kuigiza urubani. Yote mawili yanakubalika katika majarida. Wape pia washiriki muda wa kuizoea miwani kabla hujaanza kuhesabu, kwani mtu anayeivaa kwa mara ya kwanza hushangaa kwanza, na mshangao huo ukiuhesabu kama ufanisi utakuwa umepima kitu kingine.

Mafundi wa kiwanda kimoja huenda wakawa wachache mno kwa takwimu zako. Singida na Dodoma ni mikoa ya alizeti, viwanda vidogo vya kukamua vipo vingi, na ofisi za SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, zinaweza kukusaidia kuwafikia wamiliki wake. Wanafunzi wako wasiwe mbadala wa mafundi. Wao ni rahisi kupatikana, lakini hawajawahi kuuchomoa mhimili uliokwama.

Na iwapo chokaa itafanya kazi sawa na miwani, liandike hilo kwa moyo mweupe. Kiwanda kitakuwa kimeokoa fedha, na wenzako katika vyuo vingine watakuwa wamepata matokeo ambayo ni adimu kuchapishwa na ambayo wanayahitaji sana.

Sasa nije kwa mwanafunzi aliyetapika. Usilichukulie jambo hilo kama udhaifu wake, wala kama ushahidi kwamba kifaa hakifai. Ndani ya sikio kuna viungo vinavyohisi mwendo na mlalo wa kichwa. Macho yanapoona mwili unasonga mbele, huku viungo hivyo vikitoa taarifa kwamba mwili umesimama, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na kwa watu wengi matokeo yake ni jasho jembamba, kizunguzungu na kichefuchefu. Chanzo cha kawaida ni kumsogeza mtu ndani ya modeli kwa kubonyeza kitufe huku amesimama tuli. Chanzo cha pili ni kuchelewa kwa picha: kutoka kichwa kugeuka hadi picha kubadilika, muda unatakiwa usizidi takribani milisekunde 20, na modeli nzito ikiielemea kompyuta muda huo hupitwa. Chanzo cha tatu ni lenzi zisizolingana na macho. Nafasi kati ya mboni za watu wazima wengi ni kati ya milimita 54 na 74, wastani ukiwa karibu na 63, na seti ya kuazima iliyoachwa kwenye kipimo cha mtu mwingine huyachosha macho haraka. Muulize mwanafunzi wako alikuwa akifanya nini dakika ile. Nadhani utakipata chanzo katika mojawapo ya hayo.

Tiba yake ni ya utaratibu zaidi kuliko ya fedha. Mtu atembee kwa miguu yake ndani ya eneo lililo wazi, na anapotaka kwenda upande mwingine wa kiwanda, picha imhamishe papo hapo badala ya kumtelezesha. Vipindi vya mwanzo visizidi dakika 10 hivi. Chumba kiwe na hewa, na feni inayompuliza mshiriki usoni inasaidia, hasa Oktoba na Novemba ambapo joto la Dodoma huwa kali. Mshiriki aambiwe aivue miwani mara tu anapohisi dalili ya kwanza, asijikaze, kwa sababu anayejikaza anaweza kuumwa kwa saa kadhaa. Asiendeshe pikipiki wala gari mpaka ajisikie sawa kabisa. Wenye kifafa, wajawazito na wenye matatizo ya sikio la ndani wasishirikishwe bila ushauri wa daktari. Na kwa kuwa unatumia binadamu katika utafiti, haya yote yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili ambacho fundi atakielewa bila kuelezwa na mtu wa pembeni, na yapitishwe na kamati ya maadili ya chuo kabla ya mshiriki wa kwanza.

Kuhusu fedha, sababu yangu ya kusema seti mbili ni kwamba gharama kubwa ya kazi hii haiko kwenye miwani. Seti ya Meta Quest 3 ilipotoka Oktoba 2023 iliuzwa dola 499 za Marekani, kabla ya usafiri na kodi, na zipo za bei ya chini yake. Kinachokula fedha na muda ni modeli. Lazima mtu aende kiwandani apime kila nguzo, kila bomba na kila mashine, na modeli iliyopimwa vibaya ni hatari zaidi ndani ya miwani kuliko kwenye karatasi, kwa sababu inaaminika zaidi. Nunua kipimo cha leza chenye usahihi wa milimita chache, na ulipie siku za kutosha za vijana wako kukaa Singida. Picha nyingi za simu zinaweza kuunganishwa na programu kuwa umbo, nami naziunga mkono kwa kuonyesha mazingira, lakini zisitumike kama chanzo cha vipimo bila kuwekewa urefu unaojulikana wa kuzirekebishia.

Baada ya hapo kuna kazi ya kuipunguza modeli. Mchoro wa mashine uliotoka kwa mtengenezaji huwa na kila bolti na kila uzi wa skrubu, na ukigeuzwa kuwa pembetatu ndogo ambazo kompyuta huzitumia kuchora umbo unaweza kufika mamilioni mengi. Miwani inayojitegemea bila kompyuta hubeba kwa raha pembetatu laki kadhaa hadi karibu milioni moja kwa picha. Mwanafunzi mmoja mwenye subira, anayejua ni maumbo gani yaachwe na yapi yafutwe, atakufaa kuliko seti mbili za ziada. Programu zenyewe hazikulazimu kulipa: FreeCAD, Blender na Godot hupatikana bure, na kwa kuwa vifaa vingi vya sasa hufuata kiwango cha pamoja kiitwacho OpenXR, kazi yako haitakufa mtengenezaji mmoja akiacha kutoa miwani yake.

Niongeze mambo machache ya matunzo ambayo mwongozo wa mtengenezaji wa miwani hauyatilii mkazo unaotufaa hapa kwetu. Usiiache miwani juani hata kidogo, lenzi zikitazama juu, kwa sababu hukusanya mwanga na kuunguza skrini iliyo ndani. Vumbi letu hukwaruza lenzi ukilifuta kwa kitambaa kikavu, lipulize kwanza. Mikanda ya kichwani haikubuniwa kwa ajili ya nywele zilizosukwa juu wala kilemba au hijabu, kwa hiyo nunua mikanda inayorefuka na uwe na kitambaa safi cha kuweka usoni kwa kila mshiriki, la sivyo utawapoteza washiriki wanawake bila kujua sababu.

Intaneti na umeme havinitishi sana. Wengi hudhani kwamba mkutano ndani ya uhalisia pepe unahitaji intaneti kubwa kuliko mkutano wa video, na mara nyingi ni kinyume chake. Modeli ikishapakiwa ndani ya kila seti, kinachosafiri kati ya Dodoma na Singida ni sauti za watu na mahali vilipo vichwa na mikono yao, yaani data kidogo ambayo mtandao wa simu wa kawaida huibeba. Intaneti kubwa inahitajika pale tu picha zinapochorwa kwenye kompyuta ya mbali na kutumwa zikiwa tayari. Njia hiyo iache. Seti zinazojitegemea hutumia betri, kwa wastani kama saa mbili, hivyo umeme ukikatika katikati ya jaribio jaribio haliharibiki. Kompyuta ya kuundia modeli iwekee kifaa cha kuhifadhi umeme.

Hofu ya wenye kiwanda, kwa upande wangu, ndiyo nzito kuliko yote uliyoitaja, na inanisikitisha kwamba vyuo vyetu mara nyingi huijibu kwa ahadi za mdomo. Modeli ya kiwanda kwa vipimo halisi ni siri ya biashara. Anayeipata anajua uwezo wa uzalishaji, mpangilio wa mashine, hata mlango wa ghala uko wapi. Miwani nayo ina kamera zinazokiangalia chumba, na baadhi ya seti hutaka akaunti ya mtengenezaji na kutuma taarifa nje ya nchi. Basi kubalianeni kwa maandishi, kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa, nani anamiliki modeli, itahifadhiwa wapi, itafutwa lini, na ni sehemu gani utaruhusiwa kuichapisha. Njia inayoridhisha pande zote mbili ni kuwa na modeli mbili: ya kweli inayobaki kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na nyingine iliyobadilishwa vipimo na sura, ambayo hutumika kwenye majaribio ya mafundi kutoka nje na kwenye makala. Kiwanda kipewe haki ya kusoma makala kabla hayajatoka, kwa muda uliotajwa, lakini kisipewe haki ya kuyazuia matokeo kwa sababu hayakipendezi. Hapo usilegeze, kwa kuwa tasnifu isiyoweza kuchapishwa haitakusaidia.

Mafundi pia wana siri zao. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba mwendo wa kichwa na mikono uliorekodiwa kwa muda usiofika dakika 5 ulitosha kumtambua mtu kati ya watu 511, kwa usahihi wa asilimia 95. Kufuta jina kwenye faili, kwa hiyo, hakumfichi mshiriki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na rekodi za mwendo zichukulie kuwa taarifa binafsi. Jambo la ziada ni kuandika kwenye makubaliano kwamba rekodi za fundi mmoja mmoja hazitakabidhiwa kwa mwajiri wake. Fundi akihisi kwamba kasi yake ndani ya modeli itatumika kumpima kazini, hatakuambia ukweli kuhusu mpangilio.

Ukirudi kwa mkuu wa idara, usiende na miwani mkononi. Nenda na swali la utafiti, mpango wa majaribio yenye njia tatu, rasimu ya makubaliano na kiwanda, na matokeo ya siku ya chokaa. Mwambie bayana kwamba unaomba seti mbili tu, na kwamba matokeo yatakuwa na maana hata kama miwani itashindwa. Mwalimu mwenye msimamo kama wake, akishawishika, huwa mtetezi mzuri wa mradi mbele ya kamati za chuo.

Yapo mambo ambayo hayamaliziki kwa kuandikiana, nami nakusihi uyafuatilie ana kwa ana. Makubaliano na kiwanda yapelekwe kwa mwanasheria wa chuo na kwa ofisi inayosimamia haki bunifu kabla ya mtu yeyote kusaini. Na kama mtabuni kifaa kipya, tuseme cha kuuchomoa mhimili katika nafasi finyu, muulize mtaalamu wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, au BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hujakionyesha hadharani, maana kukionyesha mapema kunaweza kukuathiri. Mpangilio wa mwisho upitiwe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, akiwa amesimama ndani ya jengo lenyewe, na masuala ya njia za dharura, kinga za mashine na boila, kama kiwanda kinayo, yafikishwe kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Mhandisi huyo asikubali kuidhinisha chochote kwa kuvaa miwani peke yake. Mwanafunzi wako, ikiwa kizunguzungu kiliisha siku ileile, hana haja ya matibabu na asilazimishwe kuivaa tena. Lakini kama bado anaumwa kichwa, anaona vitu viwiliviwili, au anayumba anapotembea siku moja baada ya jaribio, mpeleke kwa daktari bila kusubiri, na jaribio lolote lisiendelee mpaka mjue kilichompata.